Kikao kikiwa "put off", kimefutwa?

Ndugu, hapana. Bosi wako hapo Kampala akiandika "the meeting has been put off", kikao kimeahirishwa tu, kwa hiyo subiri tarehe mpya. Kingefutwa kabisa angeandika "called off".

Linalowanasa wengi ni mahali pa kiwakilishi: hukaa katikati, "put it off". "Put off it" ni kosa. Kitenzi kinachofuata nacho huchukua -ing: "he put off paying the rent", alichelewesha kulipa kodi ya nyumba, wala si "put off to pay".

"Put off" pia ni kumkatisha mtu hamu: samaki akinuka hadi hamu ikakuishia, "the smell put me off". Kuhusu kuzima taa, Uganda wengi husema "put off the light" na wanaelewana vizuri tu. Kwenye mtihani andika "switch off".