Shangazi, hii kafyu inanimaliza (barua ya 2020, wakati wa korona)

SWALI: Shangazi shikamoo. Nauza chapati na maharagwe Kayole hapa Nairobi, wateja wangu ni wale wanaoshuka matatu jioni, sasa tangu Machi 27 kafyu ya korona ni saa moja usiku kila mtu anapita mbio hata hasalimii. Watoto shule zimefungwa wanapigania simu moja, na baba yao alienda mazishi Kisii akafungiwa huko. Nifanye nini? – Mama Chapo

JIBU: Marahaba mwanangu. Jioni sahau kwanza. Na matatu zenyewe ya watu 14 inabeba 8, hao wateja hata kafyu ikisogezwa hawatarudi wote. Lakini hao watu si wako kwa nyumba? Wanakula mchana! Pika asubuhi, saa sita chapati ziwe moto, anza na ploti yenu, chukua oda kwa WhatsApp umtume yule mkubwa na maski yake apeleke mlangoni, walipe kwa M-Pesa maana wakati huu wa korona kutuma mpaka shilingi 1,000 hakuna ada. Mkopo usipeane, mwezi huu hapana.

Simu iwe na zamu, wengine wasikilize masomo ya redio ya KBC.

Baba yao asijaribu kupenya usiku na lori, Nairobi imefungwa tangu Aprili 6, akishikwa anapelekwa karantini na hapo ndio mtajua shida. Akae, alime, atume mahindi. Landilodi mwone kabla tarehe haijafika, ukiwa na nusu mkononi.