Ugali unaokwama kooni: usisahau umio

Mwenzangu katika tiba ya kumeza, umeuliza kama uanze mazoezi ya kumeza kwa mama wa miaka 55 anayeonesha kooni na kusema ugali unamkwama hapo, ilhali umempima midomo, ulimi na koo ukakuta viko sawa. Nakuomba usianze.

Mahali anapoonesha mgonjwa hapaaminiki sana, kwa kuwa kizuizi kilicho mwishoni mwa umio (mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni), karibu na tumbo, huweza kuhisiwa shingoni. Muulize polepole kilianza nini: ikiwa ugali na nyama vilitangulia kukwama, kisha wali, na sasa hata uji unapita kwa shida, fikiria umio unaozidi kuziba; lakini ikiwa maji na chakula kigumu vilianza kumsumbua pamoja, huenda misuli ya umio haisukumi vizuri, au mlango wake wa chini haulegei. Uliza pia kama nguo zimempwaya, na kama usiku anarudisha chakula ambacho hakijasagika.

Akipigwa eksirei ya kumeza bariamu (kimiminika kinachoonekana kwenye picha), mwombe mtaalamu wa mionzi asiishie shingoni, bali afuate funda moja mpaka liingie tumboni. Hata picha ikionekana safi, haitoshi kumwondolea shaka, wala si kazi yetu kutaja ugonjwa. Tunaeleza tulichokiona na kumpeleka kwa daktari afanyiwe endoskopia, yaani kuangaliwa ndani ya umio kwa mrija wenye kamera. Huku Afrika Mashariki, ambako saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, kukwama kunakozidi pamoja na kupungua uzito ni rufaa ya wiki hiihii.