Kabla ya kuuliza mwanga, uliza unyevu

Wadogo zangu wa fizikia na kemia pale Tunguu, mkianza kusoma habari za vigunduzi vya skana za hospitali, yaani vile vinavyonasa mionzi, mtakimbilia jedwali la mwanga: fuwele ipi inatoa fotoni nyingi ikipigwa na mionzi. Hapo iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu itawatia tamaa. Inatoa fotoni 38,000 hivi kwa kila MeV (kipimo cha nishati ya mionzi), na imo kwenye kamera za gama tangu miaka ya 1950. Lakini ni jamaa ya chumvi ya jikoni, na chumvi mnajua inavyotota masika. Hii imezidi. Kasha lake la alumini likivuja tu, inageuka manjano na kufanya madoa, mwanga unakwama humo humo. Na umeme ukikatika, kiyoyozi kikazima, kisha chumba kikapozwa ghafla, fuwele kubwa inaweza kupasuka.

Halafu tazameni kazi yenyewe. PET, skana inayofuatilia dawa yenye mionzi mwilini, inakamata miale ya keV 511 (keV 1,000 ni MeV moja), ambayo hupenya sana, kwa hiyo uzito unatangulia: BGO (fuwele ya bismuthi, jerimaniamu na oksijeni) ina gramu 7.13 kwa sentimita moja ya ujazo, iodidi ya sodiamu 3.67 tu. Ila BGO ina mwanga hafifu na wa polepole, nanosekunde 300; LSO (fuwele ya lutetiamu, silikoni na oksijeni) huchukua 40 hivi tu. Kwenye CT, skana ya eksirei inayomzunguka mgonjwa, adui ni mng'ao unaobaki. Iodidi ya sizi yenye thaliamu ni hodari kwenye paneli za eksirei, lakini kwenye mashine inayozunguka mbio, mng'ao wa kipimo kilichopita unachafua kinachofuata.

Tangu Marekani iidhinishe CT ya kuhesabu fotoni mwaka 2021, kila mtu anataka teluridi ya kadimiamu, fuwele inayogeuza mionzi kuwa umeme moja kwa moja. Mgeni asianzie huko. Kuiotesha bila kasoro ni shughuli, na kadimiamu ni sumu.

Anzeni na kufunga fuwele. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, tabaka kadhaa, inarudisha mwanga ndani vizuri ajabu. Upande mmoja uachwe wazi, upakwe grisi ya silikoni, ubanwe kwenye kipokea mwanga. Kikibaki kiputo cha hewa hapo, vipimo vya leo havitalingana na vya jana, nawe utailaumu fuwele bure.

Mkibahatika kupata kipande cha LSO, kina lutetiamu 176 yenye mionzi hafifu ya asili. Kifungeni gizani kitajipima chenyewe, wakati maombi yenu ya kibali cha chanzo kingine cha mionzi yako Tume ya Nguvu za Atomiki.