Kazi ya hoteli au kulea mtoto?

Dada yangu, umesema likizo ya uzazi inaisha, hoteli yako hapo Malindi inakusubiri, na mumeo anataka ubaki nyumbani na mtoto. Tafadhali, usiandike barua ya kuacha kazi kwanza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa miezi 3 kwa mshahara kamili na haki ya kurudi kazini. Ukijiuzulu, haki hiyo imekwenda.

Kaeni mpige hesabu: mshahara, toa nauli ya tuktuk, toa yaya. Bibi yake mtoto akiwa karibu na yuko radhi, hesabu inabadilika kabisa. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Kiulizie.

Na kama roho yako yenyewe inataka kubaki, baki, lakini mkubaliane mapema pesa ya mkononi mwako itatoka wapi.