Muulize Mfasiri: Mzee wa masharubu anapata wapi ubavu?

*Shikamoo mama. Kwenye tamthilia ya Kihindi ninayofuatilia kuna mzee wa masharubu anayepora mashamba na kuchapa watu fimbo, na polisi wakija wanaketi naye barazani. Mume wangu anasema ni uzushi wa watunzi, kwa sababu India kuna mahakama na uchaguzi. Mzee huyu anapata wapi ubavu? Na yule mtoto wa mjane, mbona haendi mahakamani, ananoa shoka tu kila kipindi?*
— Mwanao wa kwenye kochi

Marahaba mwanangu. Mumeo kasema kweli, ila kaishia njiani.

Ukabaila wa kule una tarehe. Mwaka 1793 gavana Mwingereza, Cornwallis, aliwekeana na makabaila wa Bengal na Bihar, walioitwa *zamindar*, mapatano ya kudumu: wakusanye kodi ya ardhi, waipeleke kwa kampuni ya Kiingereza ya East India, iliyotawala kule wakati huo, na kinachozidi ni chao. Wakulima wakajikuta wapangaji kwenye mashamba ya babu zao. Baada ya uhuru, majimbo ya Bihar na Uttar Pradesh yalitunga sheria mwaka 1950 za kuufuta mfumo huo, kwa hiyo kisheria zamindar alikwisha. Lakini aliachiwa ardhi aliyosema anailima mwenyewe. Baadaye, kilipowekwa kikomo cha ukubwa wa shamba, wengi waliandikisha ziada kwa majina ya wapwa, wakwe, hata watumishi wao. Wenyewe wanaita *benami*, bila jina. Ndiyo maana mzee wako hana cheo chochote, na bado kijiji kizima kinamvulia viatu.

Sasa nikuonyeshe mtu usiyemtazama. Yule mwembamba mwenye mkoba wa kitambaa, anayetokea dakika mbili, anakohoa, anaondoka. Huyo ni *patwari*. Uttar Pradesh wanamwita *lekhpal*. Ndiye mwenye madaftari ya ardhi. Kila shamba lina namba yake, *khasra*, na kwenye *khatauni* imeandikwa ni la nani. Mwenye shamba akifa, jina la mrithi lazima liingizwe. Likiingizwa la shemeji, mjane kwisha habari yake, na hakuna aliyeinua fimbo. Nilipoanza kazi hii nilimtafsiri "karani" tu. Najuta mpaka leo, maana watazamaji walimpuuza kama nilivyompuuza mimi.

Mumeo akibisha, msimulie habari ya Lal Bihari wa Azamgarh, Uttar Pradesh. Alikwenda kuomba mkopo, akaambiwa kumbukumbu zinaonyesha amekufa. Baba yake mdogo alikuwa amemhonga ofisa, na shamba limeshahama. Tangu 1975 mpaka 1994 mtu huyo alikuwa maiti wa kwenye karatasi. Alimwombea mkewe pensheni ya wajane ili akikataliwa apate ushahidi kwamba yu hai. Mwaka 1989 aligombea ubunge dhidi ya Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa wakati huo, si kwa kutaka ushindi, ila serikali ilazimike kuliandika jina lake. Akaanzisha na chama cha wafu wenzake, kwani hakuwa peke yake. Mtunzi akiniletea kisa hicho ningemwambia amezidisha chumvi.

Kuhusu mahakama, subiri, barua inayofuata inalijibu.

*Mama, hawa watu hawasamehe? Baba akiuawa kipindi cha kwanza, mtoto anarudi kipindi cha hamsini na bunduki.*
— Nimechoka kulia

Neno lao ni *badla*, na masikio yako yamekwisha kulitambua: ni ndugu wa "badala" yetu, yote mawili yametoka Kiarabu. Nikitafsiri "kisasi" napata hasira, lakini napoteza hesabu iliyomo: hiki kwa kile, mmoja kwa mmoja.

Ila hesabu yenyewe huwa haifungwi. Chukua Phoolan Devi, mtu wa kweli, si wa tamthilia: alizaliwa 1963 katika jamii ya Mallah, watu wa mitumbwi, na ugomvi wake wa mwanzo, akiwa bado mtoto, ulikuwa na binamu yake juu ya shamba. Unaona? Shamba tena. Akaishia kwenye makorongo ya Chambal na kundi la majambazi, ambao kule huitwa *baghi*, waasi. Alisimulia kwamba wanaume wa tabaka la Thakur, wenye ardhi, walimfungia kijiji cha Behmai na kumbaka. Tarehe 14 Februari 1981 kundi lake liliingia Behmai, wanaume 20 wakapigwa risasi wakafa. Yeye alikana kwamba aliua. Alijisalimisha 1983, akakaa gerezani miaka 11, na 1996 akawa mbunge. Julai 2001 alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Delhi. Polisi walisema muuaji alikuwa akilipiza Behmai.

Na kesi ya Behmai? Hukumu ilitoka tarehe 14 Februari 2024, miaka 43 kamili, akafungwa maisha mtu mmoja. Wengi wa washtakiwa walikuwa wamekwisha kufa. Mwanangu wa kwenye kochi, jibu lako la mahakama ndilo hilo. Sisemi shoka ni halali. Nasema yule kijana amepiga hesabu ya umri wake.

*Mke mdogo kachaguliwa mwenyekiti wa kijiji, lakini kitini anakaa mumewe! Watunzi wamesahau?*
— Mtazamaji makini

Hawajasahau. Marekebisho ya katiba ya India yaliyoanza kazi Aprili 1993 yalitenga theluthi ya viti vya serikali za vijiji kwa wanawake, vikiwamo vya uenyekiti. Bihar ikafikisha nusu mwaka 2006. Vigogo waliozuiwa kugombea wakasimamisha wake zao. Mume wa namna hiyo ana jina kabisa, *sarpanch pati*, bwana wa mwenyekiti, na anajitambulisha nalo bila haya.

Usimwangalie kitini. Angalia muhuri, kwani bila muhuri na sahihi ya mkewe hakuna hati inayopita. Mpaka sasa muhuri unalala mfukoni mwa mume. Siku utakapouona umefungwa kwenye pindo la sari, kando ya funguo za mama mkwe, usibanduke hapo ulipo.