Mdogo wangu, usinitumie tena picha ya karatasi hiyo

Jumanne usiku umeme ulikuwa umekatika hapa Shangani, Mtwara. Nimetandika mkeka barazani nasubiri upepo wa baharini, simu ikalia. Kijana mmoja wa Masasi anayesoma makala zangu, tumeshaandikiana mara mbili tatu. "Kaka shikamoo. Wiki iliyopita nimefungua pochi ya kripto kwenye kompyuta kama ulivyoshauri, na jana mteja kanitumia USDT 38. Hebu angalia kama maneno nimeyaandika sawa." USDT ni sarafu ya kripto, yaani fedha ya mtandaoni, inayofuata thamani ya dola. Chini ya ujumbe, picha.

Nikaifungua. Karatasi ya daftari la mistari, kalamu ya bluu, namba 1 mpaka 12, mbele ya kila namba neno moja la Kiingereza. Mwandiko mzuri kabisa. Neno la saba alikosea, akalikata na kuliandika upya kwa juu.

Niliinuka pale mkekani kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Nikampigia, hata marahaba sikuitika. Nikamwambia futa hiyo picha, kwako na kwangu, futa na kwenye galari, na hiyo pochi ihesabu imekufa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya kuumia: "Lakini kaka, wewe si mtu wangu?"

Ni mtu wako. Ila picha hiyo imekaa kwenye simu yako, pengine imejipandisha yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, imetua kwenye simu yangu ambayo mwanangu anaichezea gemu kutwa nzima. Na mimi mwenyewe unanijuaje? Hatujawahi hata kunywa chai pamoja.

Nimeamua kuandika kwa sababu naona wengi mko hapo alipo huyu kijana. Mnachora, mnatafsiri, mnahariri video, mnafanya kazi za watu wa nje na mnataka kulipwa bila kupitia milango kumi. Najua mnachokitafuta kwa sababu ndicho nilichokitafuta mimi.

Sisi watu wa kusini jambo hili tunaweza kulielewa haraka. Ukipeleka korosho ghalani, magunia yanabaki kule, wewe unarudi nyumbani na stakabadhi. Pochi ya kripto nayo haina sarafu ndani. Sarafu zimeandikwa kwenye daftari la blokcheni, ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Ulichonacho wewe ni ufunguo wa kuzihamisha, na ufunguo huo unatokana na yale maneno 12. Sasa tofauti ni hii: kwenye chama cha msingi karani anakujua, anamjua na baba yako, ukipoteza karatasi kuna mtu wa kuongea naye. Huku hakuna karani. Aliye na maneno ndiye mwenye mali, awe wewe, awe mwizi.

Na nenosiri je? Hapa ndipo nilipojidanganya kwa miezi. Nilikuwa na nenosiri refu, lina alama na tarakimu, najisifu nalo. Lakini lile linafunga kiendelezi, kile kiprogramu kidogo cha pochi kinachokaa ndani ya kivinjari, kwenye kompyuta yako hiyo moja tu. Mtu aliye upande wa pili wa dunia akipata maneno yako 12 hahitaji nenosiri lako hata kidogo. Anafungua pochi ileile kwenye mashine yake, anaweka nenosiri lake yeye, anahamisha, analala.

Niwasimulie yaliyonikuta, maana nimeyaficha vya kutosha.

Nilianza kulipwa kwa kripto mwaka 2021, kwa kuchora nembo na mabango ya wateja wa nje. Mwanzoni pesa niliacha kwenye soko la mtandaoni la kubadilishia kripto, kama wengi. Novemba 2022 soko moja kubwa la namna hiyo, FTX, likaanguka. Mimi sikuwa na senti kule, lakini nilivyosoma watu wanavyolia nikaingiwa na hofu, nikaamua pesa yangu niishike mwenyewe. Nikaweka kiendelezi cha MetaMask kwenye kivinjari, pochi ambayo ipo tangu 2016, nikaandika maneno yangu 12 nyuma ya kalenda, maisha yakaendelea.

Juni 2023 nikanunua laptopu ya mtumba, nzuri kuliko ile ya zamani. Nikataka kuhamishia pochi huku. Badala ya kuandika anwani ya tovuti, nikaandika jina la pochi kwenye sehemu ya kutafutia. Likaja jibu la kwanza kabisa juu, lina neno dogo "tangazo" pembeni. Nikabofya. Ukurasa rangi zilezile, mbweha yuleyule wa nembo ya MetaMask. Wakasema, kama una pochi tayari, ingiza maneno yako 12. Si ndicho nilichokuwa nataka? Nikachukua kalenda, nikaandika moja baada ya jingine, taratibu, nisikosee. Ukurasa ukazungukazunguka, ukasema jaribu tena baadaye. Nikaenda kula.

Niliporudi nikafungua ile laptopu ya zamani. ETH, sarafu ya mtandao wa Ethereum, 0.14, hakuna. USDT 210, hakuna. Kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni moja. Nikaingia Etherscan, tovuti ya kusomea miamala ya Ethereum, nikaziona zimekaa kwenye anwani ya mtu mwingine, kila tarakimu naisoma. Ni kama kumwona mbuzi wako amefungwa kwa jirani na lango limepigwa kufuli. Ndipo nikaiangalia vizuri ile anwani ya tovuti. Ilikuwa na herufi moja ya ziada.

Pesa ile ilikuwa na kazi. Mzee wangu ana mikorosho Tandahimba, na Juni ndio wakati wa kupulizia, ugonjwa wa ubwiriunga hausubiri. Nilikuwa nimemwahidi vibarua na kukodi bomba. Msimu ule alipulizia mara mbili tu. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, hela yako ipo, ila iko angani," akaendelea kumenya mhogo wake. Ningependa angenigombeza.

Nilikwenda kushitaki. Ofisa aliyenipokea akauliza pesa ilikuwa benki gani. Nikaeleza. Akauliza tena, benki gani. Simlaumu sana, Benki Kuu ilishatutangazia mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na kwenye blokcheni hata kukiwa na amri muamala haurudishwi.

Halafu, na hili sijawahi kumwambia hata mke wangu, nikaibiwa mara ya pili. Niliandika malalamiko yangu kwenye kundi moja la Telegram, dakika tano hazijapita akanifuata mtu mwenye picha ya mzungu aliyevaa tai, mtaalamu wa kurejesha kripto zilizoibwa. Malipo ya kuanzia kazi dola 50. Nikakopa, nikatuma. Kesho yake akataka dola 120 za "kufungua mkataba". Hapo ndipo usingizi ulinitoka. Jamani, hakuna mtu wa kurejesha. Aliyekufuata baada ya msiba ni ndugu wa mwizi.

Shemeji yangu mmoja alizipata habari. Kwenye arusi Mikindani, watu wamejaa, mimi nimesimama nimtunze bibi arusi, akapaza sauti: "Bwana Blokcheni, leo unatunza kwa sarafu gani?" Walicheka mpaka wapiga ngoma. Nilitunza elfu kumi nikakaa. Mpaka leo nikisikia ngoma ile kifua kinabana.

Mwezi uliopita shemeji huyohuyo alikuja kwangu na laptopu kwapani, anataka nimwonyeshe namna ya kufungua pochi. Nilimwonyesha. Ila nilimwacha barazani dakika ishirini kwanza nikijifanya naoga.

Sasa nisikilizeni.

Kiendelezi usikitafute, kifuate. Andika metamask.io mwenyewe kwa vidole vyako kwenye kivinjari, bonyeza pakua, tovuti yenyewe itakupeleka kwenye duka la viendelezi. Fanya hivyo kwenye kompyuta yako, nyumbani. Ile ya kukodi kwa saa, iache ichapishe barua za maombi ya kazi. Ukimaliza, bonyeza ile alama ya kipande cha fumbo juu kulia na ukibandike kiendelezi pale, uwe unakifungua kupitia hapo tu.

Ukifika kwenye maneno 12, chukua karatasi na kalamu. Usipige picha, usijitumie kwa WhatsApp, usihifadhi kwenye barua pepe. Yanatoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048, na katika orodha hiyo herufi nne za mwanzo zinatosha kulitofautisha neno na mengine yote. Kwa hiyo yule wa Masasi hakuwa na haja ya kuniuliza kama tahajia ni sawa. Pochi yenyewe inakupa jaribio la kuyathibitisha. Andika nakala mbili, ziweke nyumba mbili. Yangu moja iko kwa mama, ndani ya kopo la maziwa ya unga, anadhani ni hati ya kiwanja.

Ukija siku ya kuyaingiza tena, ni kwenye kompyuta mpya, ndani ya kiendelezi ulichokifuata kwa njia hiyohiyo. Tovuti ikikuuliza, ni wezi. "Huduma kwa wateja" akikuuliza, ni mwizi. Mimi nikikuuliza, nimeibiwa simu.

Jambo la pili ni ruhusa, na hapa vijana wengi mnaliwa bila hata kutoa maneno. Unaunganisha pochi na tovuti, kinatokea kidirisha, unabonyeza kukubali ili kiondoke. Wasio wa kusini huenda hawaijui kangomba: mtu anakuja na pesa mkorosho ukiwa bado maua, wewe una njaa, unakubali, msimu ukifika korosho si zako tena. Kukubali bila kusoma ndiyo kangomba yenyewe. Kidirisha kile kinaweza kuwa kinaipa tovuti ruhusa ya kutumia tokeni zako, yaani sarafu kama zile USDT, bila kikomo, leo na mwakani. Kisome. Pale penye kiasi, kibadilishe, weka kile tu unachotaka kutumia. Na kujitenga na tovuti hakufuti ruhusa uliyokwisha kutoa, nenda Revoke.cash au sehemu ya ruhusa pale Etherscan ukazifute, nazo kuzifuta kuna gharama ya gesi.

Gesi, ndiyo. Ukilitaja neno hili Mtwara kila mtu anageuza shingo, lakini hii haitoki kwenye visima vya Mnazi Bay. Ni ada ya kuhamisha, na kwenye mtandao wa Ethereum inalipwa kwa ETH, hata kama unachohamisha ni USDT.

Anwani ya pochi inaanza na 0x ikifuatiwa na herufi na tarakimu 40. Usiinakili kutoka kwenye historia ya miamala. Wapo wanaokutumia kiasi cha sifuri kutoka anwani inayofanana mwanzo na mwisho na ile unayoizoea, wakisubiri uteleze. Soma na ya katikati. Kiasi kikubwa kitanguliwe na kidogo cha majaribio. Na akiba usiichanganye na pochi ya kuzungukia tovuti. Fungua mbili, kila moja na maneno yake.

Turudi Masasi. Tulikaa kwenye simu mpaka saa sita usiku. Akafungua pochi mpya yenye maneno mapya, akataka kuhamisha zile 38, ikagoma. Hakuwa na ETH hata chembe. Nikamtumia 0.002 kwenye pochi ya zamani, tukasubiri, akaihakiki anwani mpya kwa kunisomea yote 42 kwa sauti huku mbwa wao anabweka, akabonyeza. Zikafika.

Asubuhi nikakuta ujumbe wake: "Kaka, maneno mapya haya hapa." Na picha. Intaneti ilikuwa nzito, picha ikawa inafunguka vipande vipande kutokea juu, mimi nimeshaanza kuandika matusi. Ikamalizika kufunguka. Daftari la mistari, na juu yake kiganja kimefunika karatasi yote, kidole gumba kina wino wa bluu.

"Sioni kitu," nikamjibu.

"Ndiyo maana yake," akasema. "Sasa kaka, ile gesi nakurudishia lini?"