Maswali ya Wasomaji: Mageuzi ya Elimu Tanzania

Mwanangu alikuwa darasa la tatu mwaka 2024. Je, ni kweli ataishia darasa la sita? (Mzazi, Morogoro)

Ni kweli. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi ni miaka 6, na elimu ya lazima ni miaka 10, yaani hadi kidato cha nne. Kundi la mwanao litamaliza mwaka 2027 pamoja na darasa la saba la mwisho, na wote wataingia kidato cha kwanza Januari 2028. Hofu yangu haiko kwenye umri wa watoto bali kwenye vyumba vya madarasa na walimu, hasa wa hisabati na sayansi, kwa hiyo ulizeni mapema kwenye vikao vya shule na kwa diwani wenu halmashauri imetenga nini.

Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi sekondari, ni wa wanafunzi walioshindwa masomo? (Mwanafunzi, Tabora)

Hapana, ingawa dhana hiyo haitaondolewa kwa hotuba. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, iliyounganisha masomo na kazi za mikono, ilikuwa na nia njema, lakini katika shule nyingi shamba la shule liligeuka kuwa mahali pa adhabu. Mwanafunzi anayechora randa kwenye daftari bila kuishika hata mara moja hajafundishwa useremala. Amali inahitaji karakana, vifaa na mwalimu anayeijua kazi yenyewe.

Kwa nini sekondari isifundishwe kwa Kiswahili? (Mwalimu, Lindi)

Naungana nawe kabisa. Sera ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini Toleo la 2023 limekiacha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Matokeo yake unayaona kila Januari: mtoto aliyekuwa akieleza mmeng'enyo wa chakula hatua kwa hatua, tena kwa kujiamini, anafika kidato cha kwanza na kunyamaza, ananakili ubaoni asichokielewa, kisha anakariri ili afaulu mtihani. Wazazi wanaohofia ajira na vyuo vya nje wana hoja, nami siipuuzi. Ndiyo maana somo la Kiingereza lifundishwe vizuri tangu darasa la kwanza, kama mtaala mpya unavyoelekeza, na walimu wake waandaliwe kwa kazi hiyo, badala ya kuitwisha baiolojia na historia mzigo wa kufundisha lugha.

Ungeanza na lipi? (Msomaji, Mwanza)

Mafunzo ya walimu kazini. Mtaala unaodai umahiri unamtaka mwalimu asikilize, aulize na apime kwa vitendo, na hilo haliwezekani kwa semina ya siku chache kwa mtu mwenye wanafunzi zaidi ya mia moja darasani. Apewe muda ndani ya ratiba, mwalimu mwenzake mzoefu wa kumwongoza, na kitabu cha kiada kabla muhula haujaanza.